Koti la Shibe

Nchi ninayoisimulia ina jina zuri tu, lakini sheria yake inamkataza mtu asiyevaa koti kulitaja, nami ninaandika haya nikiwa na fulana na msuli. Basi tuiite nchi, na tumwombe Mungu isiwe ya msomaji.

Katika nchi hiyo alikuwapo mtu aitwaye Chilongola, mzaliwa wa Lukwamba, wilaya kame ambako mvua huja kama mkwe, kwa nadra na bila kukaa sana. Alikuwa kijana mwenye akili, na serikali ikampeleka ng'ambo miaka miwili akajifunze kuongeza mavuno ya mtama. Karani wa Wizara ya Kilimo, ambaye siku hiyo alikuwa na haraka ya kwenda harusini, akampangia chuo kingine. Chilongola alipofika huko hakuona shamba wala jembe. Aliona mikasi, chaki na sanamu za mbao zisizo na vichwa. Akaandika nyumbani kueleza kosa, akajibiwa kwamba serikali haikosei, na kwamba asome kwa bidii kile alichopangiwa.

Alirudi na cheti cha ushonaji wa makoti ya kiume, hasa yale ya safu mbili. Wizara ilimpokea kwa heshima zote. Haikuwezekana kukiri kwamba mtu ametumwa mtama akarudi na koti, kwa hiyo waliona nafuu ni kubadili jina la wizara. Ikawa Wizara ya Kilimo na Mwonekano, na Chilongola akapewa chumba, zulia, na cheo cha Mkurugenzi wa Umbo la Taifa.

Mkewe Mbeleje, ambaye naye ni mtoto wa Lukwamba, alimwuliza jioni ya siku ya kwanza, "Umbo la Taifa ndiyo kazi gani, Baba Ndalu?"

"Nikiijua nitakwambia."

"Na mtama unashughulikiwa na nani?"

Chilongola akajibu kwamba kuna idara yake. Hakusema kwamba chumba cha idara hiyo ndicho alichopewa yeye.

*

Kule Lukwamba alibaki kaka yake, Mlekwa, mtu mrefu, mpana wa mabega. Wazazi wao walikufa Chilongola akiwa ndio kwanza anaanza shule, na shule ilikuwa ng'ambo ya mto wa mchanga, ule ambao masika hujaa ghafla na kuchukua ng'ombe. Mlekwa alimvusha mdogo wake juu ya mabega, asubuhi kwenda, mchana kurudi, mpaka akamaliza darasa la saba. Yeye mwenyewe hakuingia darasani hata siku moja. Alikuwa akikaa nje kwenye kivuli cha ukuta, anasuka kamba, anasubiri.

Sasa mwaka ule mvua haikuja kabisa. Watu wa Lukwamba wakala akiba, wakala mbegu, wakachimba mizizi, halafu wakawa hawana la kufanya ila kukaa. Ukweli ni kwamba walikuwa wanakufa, ingawa redio ya taifa ilisema wamepumzika kulima.

Wakati huohuo Mtukufu Mlezi wa Nchi, hicho kikiwa cheo chake kwa kifupi, alikuwa amehutubia mkutano wa nchi jirani na kutangaza kwamba kwake njaa imekomeshwa kwa amri. Majirani, watu wasiopenda maendeleo ya mwenzao, wakasema watatuma wakaguzi wakajionee Lukwamba. Wakikuta njaa, watafungua mpaka na kupitisha malori ya mahindi, ambayo yalikuwa yameshapanga foleni upande wa pili. Wakikuta shibe, watampa Mtukufu Nishani ya Shibe, ya dhahabu, yenye picha ya sahani. Baraza la Mawaziri lilijadili suala hilo kuanzia kifungua kinywa hadi chakula cha mchana. Likachagua nishani.

Kilichobaki ni tatizo dogo la watu wa Lukwamba wenyewe, ambao walikuwa wamekonda kwa namna isiyo ya kizalendo.

Ikatokea kwamba katika safari ile Mtukufu alizawadiwa koti la safu mbili. Alilivaa, akajitazama kwenye kioo cha ikulu, na tumbo lake, ambalo kwa kawaida lilitangulia kuingia ukumbini, hakuliona. Akaamuru aletwe mtu wa kumweleza limekwenda wapi. Wizara ya Kilimo na Mwonekano ikapata fahari kwa mara ya kwanza tangu ibatizwe upya, na Chilongola akaitwa barazani.

"Mtukufu," alisema, "hili si koti la kawaida. Upande mmoja unalala juu ya mwenzake, na vifungo vinapangwa safu mbili. Viko sita. Kinachofanya kazi ni kimoja, hivyo vingine ni pambo."

Mawaziri wakatazamana, kila mmoja akijiuliza kama amesemwa yeye.

"Kwa mtu mwenye mwili, vifungo tunavishusha chini kidogo na kuvisogeza karibu karibu, halafu ncha za kola tunazielekeza juu, mabegani. Jicho la mtazamaji hufuata ncha. Likifika mabegani limeshasahau tumbo."

"Mtazamaji wa ndani au wa nje ya nchi?" aliuliza Waziri wa Usalama.

"Yeyote, Mheshimiwa."

"Na mtu mfupi je?" Huyo alikuwa Waziri wa Fedha, ambaye wakati wote alikalia mafaili ili aonekane mezani.

"Mfupi asivae refu. Pindo liishie pale makalio yanapoishia, na kola ianzie chini ipande ndefu. Atapata kimo."

Waziri wa Fedha akaomba maneno hayo yaingizwe kwenye kumbukumbu za kikao, hasa neno kimo.

"Mwembamba?" Aliyeuliza sasa ni Profesa Bandawe, waziri wa Chilongola mwenyewe, aliyepata uprofesa kama zawadi ya siku yake ya kuzaliwa.

"Mwembamba ndiye anayependeza kwa koti hili kuliko wote," Chilongola alisema, somo likiwa limeanza kumnogea. "Kitambaa kinajirudia kifuani, basi anapata kifua ambacho hakuwa nacho. Vifungo tunavitanua vikae mbalimbali, kola tunaikata pana, ndani tunaweka kanvasi ngumu, na mabegani vimito vya sufi. Mtu mwembamba akilivaa anaonekana amekula."

Mawaziri wote wakainua vichwa. Hata waliokuwa wanatafuna waliacha.

"Hebu rudia," alisema Profesa Bandawe.

"Anaonekana amekula, Mheshimiwa."

"Bila kula?"

"Bila kula."

Mtukufu alisimama, na wote wakasimama. "Yaani nguo moja inampunguza mnene na kumjaza mwembamba," alisema polepole. "Miaka yote hii tunahangaika na usawa, kumbe usawa unashonwa." Walipiga makofi mpaka wapishi wakatoka jikoni kuangalia kuna nini. Siku hiyohiyo ukazaliwa Mpango wa Taifa wa Kulingana, na kwa mujibu wa mpango huo kila mtu mzima wa Lukwamba, mume kwa mke, angepewa koti la safu mbili kabla wakaguzi hawajafika.

Chilongola alimfuata waziri wake kwenye ujia. "Mheshimiwa, nina kaka yangu Lukwamba. Hali si nzuri. Malori yale ya mpakani yasipopita, watu watakula nini?"

Profesa Bandawe alimshika bega kwa upole. "Kwani ghala la taifa limeungua? Mahindi tunayo yetu. Nishani ikishafika, gunia la kwanza kutoka ghalani litaenda kwa kaka yako, na la pili, na la tatu. Kwani sisi hatuna ndugu?"

Chilongola alifarijika. Mtu anayetaka kufarijiwa hahitaji maneno mengi.

*

Lukwamba kuna mila moja, na iko pia kwa majirani ng'ambo ya mpaka, kwa sababu waliouchora mpaka ule hawakuuliza nani ni ndugu wa nani. Mgeni akifika kwako nawe huna cha kumpa, humdanganyi kwamba moto unawashwa. Unafungua nguo kifuani mpaka kitovuni, unasimama mbele yake, basi. Husemi neno. Mgeni akishaliona tumbo lako ni juu yake kufungua mkoba wake na kugawana nawe alichobeba, hata kiwe nusu ya kiazi. Asiyefungua mkoba hapewi mkono tena na watu wa nyumba hiyo, yeye wala watoto wake.

Katika baraza zima hapakuwa na waziri aliyeijua mila hiyo. Chilongola angenyamaza tu, mambo yangejiendea. Lakini alikuwa ameitwa kwenye kikao cha kupitisha mchoro wa koti, viti vilikuwa laini, kila alichosema kilikuwa kinaitikiwa kwa vichwa, na mdomo ulioonja sifa una njaa yake. Akawaambia kwamba kuna hatari ndogo, akaieleza.

Waziri wa Usalama alikunja uso. "Wakifungua makoti mbele ya wakaguzi tumekwisha."

"Kuna kifungo cha ndani," alisema Chilongola. "Kila koti la safu mbili linacho, upande wa pili wa kitambaa, kinashika ule upande wa chini, tunaouita jani, usilegee. Hakionekani. Tukikishona kwa uzi wa mara mbili, na tundu tukalibana, asiyekizoea hawezi kulifungua koti kwa haraka. Hasa kama mikono haina nguvu."

Profesa Bandawe alitoka kitini akamkumbatia. Jioni ile Chilongola alirudi nyumbani kwa gari la serikali, lenye dereva.

Ilitoka sheria kwamba koti la shibe halifunguliwi hadharani. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kifundi, na ilikuwa ya kweli: koti la safu mbili likiachwa wazi hulegea likaninginia, likamharibia mvaaji sura. Mbeleje alizisikia habari hizo redioni huku akichambua mchele.

"Nani amewaambia mambo ya kufungua kifua?" aliuliza.

"Watu wa usalama hawakosi kujua, Mama Ndalu."

"Waziri wa Usalama kwao kuna mito mitano. Hajawahi kukosa cha kumpa mgeni." Alimtazama mumewe, kisha akarudi kwenye mchele wake. Tangu siku hiyo hakupanda gari lile, alikwenda sokoni kwa miguu.

*

Makoti yalishonwa mchana na usiku, maelfu kwa maelfu. Sufi ya vimito vya mabega ikaisha katikati ya kazi, na wizara ikaruhusu mabega yajazwe pumba za mahindi, ambazo, kwa sababu ambayo hakuna aliyeiuliza, zilikuwa zimejaa tele nyuma ya ghala la taifa.

Wataalamu hawakufikiri kwamba huko koti linakokwenda pumba ni chakula. Makoti yaligawiwa Lukwamba siku ya Jumatatu kwa ngoma na hotuba, na kufikia Ijumaa wilaya nzima ilikuwa imeporomoka mabega. Watu walichana bitana kwa wembe, wakatoa pumba, wakazichemsha, wakawapa watoto, wakashona tena vizuri. Mkuu wa Wilaya akapiga simu mji mkuu akilia. Bunge likakutana kwa dharura na kupitisha kosa jipya la jinai, kula bega la serikali, kifungo miaka saba, na kwa mabega yote mawili miaka kumi na minne. Mbunge mmoja mzee aliuliza kama wanaokula mahindi yenyewe watafungwa mingapi. Akaambiwa swali lake liko nje ya mada, naye baada ya hapo akawa nje ya Bunge.

Chilongola alitumwa Lukwamba kukagua mabega. Alimkuta kaka yake amekaa mlangoni ndani ya koti, na kwa mbali, lazima niseme, Mlekwa alikuwa amependeza. Urefu wake ulilibeba koti sawasawa. Kola pana zilimpa kifua, vifungo vilivyotanuliwa vilimpa mwili. Mtu asiyemjua angedhani ni bwana mmoja ametoka kula anasubiri kahawa. Bega la kushoto tu ndilo lililokuwa limelala.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Umenenepa. Nashukuru Mungu." Alisema kwa furaha ya kweli, na hilo lilimwuma Chilongola kuliko tusi. "Bega hili niliwapa wajukuu. La pili nimewawekea kesho."

"Kaka, wakaguzi wanakuja kesho."

"Nimesikia. Wageni wakubwa, na nyumba haina hata maji ya kunawa. Itabidi niwafungulie kifua."

"Usifungue."

Mlekwa alimtazama kama anayetazama mtoto aliyesema neno asilolijua maana. "Nisifungue, niwaambie nini?"

"Usiwaambie kitu. Simama tu. Wakiondoka, ghala la taifa linafunguliwa, na gunia la kwanza ni la kwako. Waziri ameniahidi kwa kinywa chake. Siku chache tu, kaka. Vumilia siku chache."

"Wewe unamwamini?"

"Namwamini."

"Basi." Mlekwa aliinua mkono kumshika mdogo wake begani, mkono ukaishia njiani ukarudi. "Lakini mimi mgeni siwezi kumdanganya, Chilongola. Sijui inavyofanywa."

Chilongola alitoa leso zake mbili na soksi za akiba, akachana bitana, akalijaza lile bega la kushoto mpaka likalingana na mwenzake. Alikuwa fundi mzuri, hakuna aliyeweza kuona mshono.

*

Wakaguzi walifika wakiongozwa na mama mmoja mtu mzima, Bi Kagoro, mwenye mkoba mkubwa wa ngozi begani. Watu walikuwa wamepangwa uwanjani kwa safu mbili, kama vifungo. Walikuwa wengi, wamesimama wima, wapana wa vifua, na kutoka jukwaani ilikuwa picha ya taifa lenye afya. Waliokuwa hawawezi kusimama waliegemezwa kwenye nguzo za bendera. Upande wa kulia walisimama mawaziri, nao katika makoti yao wakaonekana watu wa kiasi, wasio na makuu. Kwa kweli usingeweza kumtenga aliyekula na asiyekula, na Mtukufu alifuta machozi kwa kuona ndoto yake ya usawa imetimia.

Bi Kagoro aliteremka akapita mbele ya watu taratibu. Alipofika kwa Mlekwa, aliyewekwa mbele kwa ajili ya umbo lake, alisimama. "Hodi kwenu, mwenyeji," alisema. Halafu hakusogea. Alikuwa anasubiri, mkono wake umeshika kamba ya mkoba.

Chilongola, aliyesimama nyuma ya bega la kaka yake, alijua anasubiri nini. Mlekwa naye alijua. Mkono wake ulipanda, ukakifungua kile kifungo cha nje. Jani la juu la koti likalegea kidogo. Akaingiza vidole ndani, akakuta kifungo cha pili, akakivuta. Hakikutoka. Vidole vilikuwa vimebaki mifupa na kucha. Akajaribu tena, jasho likimtoka kwenye paji la uso, mtu aliyewahi kuvuka mto uliojaa akiwa na mtoto mabegani. Kisha akageuza shingo akamtazama mdogo wake. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaomba msaada tu, kama mtu anavyomwomba ndugu yake amshikie ncha moja ya mzigo.

"Anataka nini?" aliuliza Bi Kagoro.

Ilikuwa kazi ya kidole gumba kimoja. Chilongola alibuni mwenyewe jinsi ya kukibana kifungo kile, angekifungua hata akiwa usingizini. Jukwaani Profesa Bandawe alikuwa anamtazama. Yule dereva naye, karibu na gari, alikuwa anamtazama.

"Anajiweka sawa mbele ya mgeni, Mama," alisema. Akauondoa mkono wa kaka yake polepole, akakifunga kifungo cha nje, akazinyoosha zile kola kwa viganja vyote viwili. "Limekukaa vizuri, kaka."

Bi Kagoro aliitazama kola iliyonyooshwa. Halafu mkono wake ukaachia kamba ya mkoba. "Nina furaha," aliwaambia wenzake. "Mimi natoka kwa watu wa kufungua kifua. Mtu wa huku angekuwa na njaa angenionyesha, hawajui kuficha." Mlekwa alisikia kila neno.

*

Nishani ilifika wiki iliyofuata. Malori ya mahindi yaligeuza pale mpakani yakarudi yalikotoka, na kwa ustaarabu yalipiga honi kuaga. Chilongola alikwenda kwa waziri wake kukumbusha lile gunia la kwanza.

"Gunia gani?" Profesa Bandawe alishangaa bila kuigiza. "Mkurugenzi, wewe ulifikiri kitambaa cha makoti yote yale tulipewa bure? Tulibadilishana na mahindi ya ghala. Tumebaki na pumba, nazo mmezitia mabegani. Wewe ndiye mtaalamu, nilidhani unajua."

Mlekwa alikufa siku ya tatu baada ya mazungumzo hayo. Redio ilisema Lukwamba imempoteza raia mwenye umbo la mfano.

Chilongola na Mbeleje walifika msibani kwa gari, naye Mbeleje safari hii alipanda kwa sababu alikuwa anawahi kuzika. Mwili ulikuwa umelazwa ndani ya koti, na hata hapo koti lilifanya kazi yake, maana marehemu alionekana ameshiba amejilaza. Pembeni alisimama ofisa wa wilaya. Alitoa pole kwa maneno mazuri, kisha akaeleza kwamba koti ni mali ya serikali na haliendi kaburini, kwa kuwa kuna mtu mwingine anakonda analisubiri.

Wazee walijaribu kulivua, wakashindwa kwenye kifungo cha ndani. Ndipo Chilongola akapiga magoti. Aliingiza mkono, kidole gumba kikageuka mara moja tu, na koti likafunguka lote.

Tumbo la Mlekwa likaonekana, kama lilivyokuwa. Waombolezaji waliangalia chini. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama Chilongola, kwa sababu mila ni mila hata mwenyeji akiwa maiti, na aliyekuja na mkoba alikuwa yeye peke yake. Mkoba wake ulikuwa ndani ya gari, na ndani ya mkoba mlikuwa na mkate, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai ya safarini. Alitaka kwenda kuuleta. Lakini alibaki magotini, akilikunja koti. Mbeleje ndiye aliyekwenda. Alirudi na mkoba akaufungua mbele ya wajukuu wa marehemu, akaupindua wote.

Kaburi lilipofukiwa watu waliagana na Mbeleje kwa mikono miwili. Chilongola alinyoosha wake, ukabaki hewani.

*

Serikali haisahau watumishi wake. Mwaka haujageuka, Chilongola akawa Naibu Waziri, na kwa kuwa cheo hicho kina vikao vingi na kila kikao kina chakula, mwili ukaja. Akajikatia koti jipya kwa kanuni zilezile alizowafundisha wakubwa: vifungo chini, karibu karibu, ncha za kola kuelekea mabegani. Kifungo cha ndani alikishona kwa uzi wa mara mbili, kama sheria inavyotaka.

Mchana wa siku ya kumbukumbu ya Mlekwa, ambayo serikali iliifanya Sikukuu ya Umbo, alisimama jukwaani karibu na Mtukufu. Mtukufu alimgeukia akamwangalia toka juu mpaka chini, akasikitika kutoka moyoni.

"Pole sana, Naibu," alisema. "Naona umekonda. Msiba umekumaliza."

Mawaziri wote waliafiki kwamba Naibu amekonda, na mmoja aliongeza kuwa ndugu wa kweli huonekana kwa kukonda. Televisheni ilimwonyesha kwa ubavu, mwembamba, mwenye huzuni. Chilongola alishukuru kwa kuinamisha kichwa, kiasi ambacho koti liliruhusu.

Alifika nyumbani na njaa. Mbeleje alikuwa ameandaa wali na nyama ya mbuzi, mvuke unapanda mezani. Chilongola alitaka kuvua koti ale. Kifungo cha nje kilitoka. Aliingiza mkono kutafuta cha ndani, lakini tumbo lilikuwa limelivuta jani la chini likakaza kama ngozi ya ngoma, na vidole vyake, vilivyonona, havikupata pa kupita. Alivuta, akapumzika, akavuta tena. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Hakuweza kukaa wala kuinama, na pumzi ilikuwa inambana. Akageuza shingo akamtazama mkewe.

"Mama Ndalu," alisema. "Nisaidie."

Mbeleje alifuta mikono kwenye kanga, akamsogelea. Aliuondoa mkono wa mumewe polepole, akakifunga kile kifungo cha nje, akazinyoosha kola kwa viganja vyote viwili.

"Limekukaa vizuri, Mheshimiwa," alisema.

Kisha akachukua mkoba wake nyuma ya mlango, akapakua wali na nyama yote ndani ya vyombo vyenye mfuniko, akavipanga mkobani, akatoka kwenda kituo cha basi la Lukwamba.